Akili Itangatangapo Njiani: Somo kwa Wanaojizoeza Mbio za Hisani



Siku hizi imekuwa desturi katika miji mingi watu kukimbia mbio ndefu ili kuwapatia wenye shida msaada. Mtu huahidi mbele ya jamaa na rafiki zake ya kuwa atakimbia marathoni, yaani kilometa 42 na mita 195, nao humwahidi fedha. Na fedha hizo hupelekwa hospitali, au kwa yatima, au shule ya vipofu. Hizi ndizo mbio za hisani. Mji wa London wajulikana sana kwa jambo hili, maana marathoni yake, iliyoanza mwaka 1981, imewakusanya maelfu ya watu wasio wanariadha hata kidogo, wakimbiao kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Kwetu nako desturi imefika. Moshi kuna mbio za Kilimanjaro tangu mwaka 2003, na tangu mwaka 2020 Benki ya CRDB imekuwa na mbio zake, ambazo michango yake imewasaidia watoto wenye maradhi ya moyo kupata matibabu. Kwa hiyo si ajabu kijana wa usharika wako akija siku moja na karatasi ya michango, akikuomba uandike jina lako.

Sisemi leo habari ya mbio za mfano, zile tuzitajazo katika mahubiri. Nasema mbio za miguu, zenye jasho na malengelenge. Na katika hizo nataka tujifunze jambo moja tu, ambalo wafundishao mazoezi hulipita upesi: akili ya mkimbiaji huwa wapi miguu yake inapokwenda?

Kujitayarisha kwa marathoni huchukua majuma 16 au zaidi. Mtu wa kawaida hukimbia siku tatu au nne kila juma, na siku moja katika hizo hukimbia mwendo mrefu: mwanzo kilometa 12, kisha 18, kisha 25, hata kufikia 30 au 32. Mwendo huo wa mwisho humchukua saa tatu na zaidi. Saa tatu peke yake barabarani! Ni nani kati yetu aliyezoea kukaa saa tatu na fikira zake, bila kazi ya mikono, bila mazungumzo, bila kitabu? Ndipo fikira hutoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi, kila mmoja na njia yake.

Natuchukue mfano. Tuseme yuko mwalimu wa shule, mwenye miaka thelathini na mitano, aliyeahidi kukimbia ili wodi ya watoto ipate vitanda. Siku ya kwanza ya ahadi alikuwa na kazi moja: kukimbia. Baada ya mwezi ana kazi tano. Ana orodha ya majina ya walioahidi. Ana fedha zilizoingia kwa simu, nazo hana budi kuzihesabu. Ana mjomba aliyeahidi shilingi elfu hamsini na sasa haitikii simu. Ana mganga mkuu atakaye kujua vitanda vitapatikana lini. Ana kundi la WhatsApp ambamo kila asubuhi watu humwuliza amefika kilometa ngapi. Hayo yote huondoka naye nyumbani alfajiri, yakikimbia kando yake. Afikapo kilometa ya nane hajui amepita wapi. Amekuwa akimjibu mjomba wake kichwani. Hasira imempanda, na pamoja na hasira mwendo nao umepanda. Amekimbia upesi kuliko alivyokusudia, na kwenye kilometa ya kumi na sita miguu imekwisha. Arudipo nyumbani husema, "Sina nguvu za kutosha." Lakini nguvu alikuwa nazo. Alizitumia kugombana na mtu asiyekuwapo.

Hapa ndipo mkimbiaji wa hisani atofautianapo na mkimbiaji wa tuzo. Mkimbiaji wa tuzo, ashindwapo, amejishinda mwenyewe. Huyu wetu amebeba neno alilowapa wengine, na neno hilo humfuata mpaka njiani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye amekwisha kuvua nguo mbele ya usharika mzima.

Basi wengine humwambia, "Usifikiri chochote. Kimbia tu." Shauri hili halifai, kwa kuwa halitendeki. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza habari za watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu zao, saa yoyote ya mchana bila kutazamia: Unafanya nini sasa, na je, wafikiri hilo ufanyalo au jambo jingine? Karibu nusu ya mara zote, yaani asilimia 46.9, watu walikuwa wakifikiri jambo jingine. Tena wale waliokuwa mbali kwa fikira hawakuwa na furaha kama wale waliokuwa karibu na kazi yao. Basi akili kutangatanga si ugonjwa wa mwalimu wetu peke yake. Ni hali ya wanadamu, nusu ya siku zao. Amwambiaye mkimbiaji asifikiri lolote kwa saa tatu amemtaka asiwe mtu.

Lakini tusidhani ya kuwa fikira hazina uzito. Zina uzito, tena umepimwa. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wawili, katika Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales, waliwajaribu watu 16 hivi. Siku moja waliwapa kazi ya kompyuta itakayo uangalifu mwingi na majibu ya upesi, dakika 90 mfululizo. Siku nyingine waliwaonyesha filamu za maarifa ya kawaida, zisizochosha wala kusisimua, kwa muda ule ule. Kisha kila mara wakawapandisha juu ya baiskeli isiyotoka mahali pake, wakawaambia wakanyage kwa nguvu ya kiasi kimoja mpaka washindwe. Siku ya filamu walidumu sekunde 754 kwa wastani. Siku ya kazi ya akili, sekunde 640. Hiyo ni tofauti ya karibu dakika mbili, na miguu ni ile ile! Wapimaji walipotazama moyo na pumzi hawakuona sababu ya kutosha ya kuchoka upesi namna hiyo. Lililobadilika ni hili: watu ambao akili zao zilikuwa zimechoka waliiona kazi kuwa nzito tangu mwanzo, hata wakafika mapema mahali pa kusema, Siwezi tena.

Mwalimu akumbukaye majaribio haya ataelewa kwa nini Jumatano jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto sitini na kujibu ujumbe wa watu ishirini, kilometa nane humwia kama kumi na mbili. Si uvivu. Naona afadhali abadili saa, akimbie kabla ya madaftari, kuliko kujishutumu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Ikiwa akili haiwezi kukaa tupu, yafaa iwekwe wapi?

Aliyelichunguza jambo hili kwanza kwa wakimbiaji wa marathoni ni William Morgan wa Marekani. Mwaka 1977 yeye na Michael Pollock walitoa taarifa ya mazungumzo yao na wakimbiaji mashuhuri na wa kawaida. Walitazamia kuona wakimbiaji wote wakikimbiza akili zao mbali na maumivu. Kwa wakimbiaji wa kawaida waliona hivyo kweli: mmoja hujenga nyumba kichwani, mwingine hukumbuka maisha yake yote ya shule tangu darasa la kwanza, mwingine huimba. Lakini wakimbiaji mashuhuri walifanya kinyume. Waliirudisha akili ndani ya mwili. Waliuliza: Pumzi yangu ikoje? Miguu yangu? Mabega yamekaza? Mwendo huu ni wa haki kwa umbali uliobaki? Hawakuyakimbia maumivu, bali waliyasikiliza kama dereva asikilizavyo injini.

Watu wengi waliposikia habari hii walidhani wamepata kanuni: akili ndani, siku zote. Wakaanza kuhesabu kila pumzi. Lakini kanuni ilikuwa na upande wa pili. Mwaka 2009 Linda Schücker na wenzake huko Münster, Ujerumani, waliwakimbiza wakimbiaji waliozoea, mwendo ule ule kila mara, huku wakipima hewa waliyoitumia. Mara moja waliwaambia watazame mandhari ya njia iliyoonyeshwa mbele yao. Mara nyingine waangalie namna miguu inavyokwenda. Mara nyingine waangalie pumzi. Walipotazama mandhari walitumia hewa kidogo zaidi. Walipoziangalia pumzi walitumia hewa nyingi kuliko mara zote.

Je, habari hizi mbili zapingana? Sioni hivyo. Mpishi wa wali asiyefunua chungu hata mara moja atauunguza; naye afunuaye kila dakika, wali wake hauivi. Kuuliza mwili habari zake ni jambo jema. Kuusimamia kila hatua ni jambo jingine, kwa sababu pumzi na miguu zajua kazi yao, na mwenye kuziamuru huzikwaza. Basi mkimbiaji na auulize mwili kwa kitambo kifupi, kila kilometa moja kwa mfano, apate jibu, kisha aitazame njia: migomba, kahawa, mawingu juu ya mlima, watoto waendao kuteka maji.

Tena kuna nyakati ambapo akili haina ruhusa ya kwenda mbali. Katika mbio za Kilimanjaro kuna mpando mrefu kuelekea Mweka. Pale, mtu aliye mbali kwa fikira hupanda kwa mwendo wa tambarare, na hulipa baadaye. Jua likiwa kali, akili na irudi. Maumivu yakianza mahali pamoja, katika goti au mfupa wa mbele wa mguu, yakazidi kila hatua, akili na irudi na miguu isimame. Na barabarani penye malori na bodaboda, akili na ikae karibu siku zote. Hapa nasema waziwazi juu ya vipokea sauti vya masikioni. Muziki husaidia kweli kuifanya kazi ionekane nyepesi, nao vijana wengi hawataki kutoka bila huo. Uwanjani, sina neno. Barabarani ni hatari, kwa sababu gari litokalo nyuma husikika kabla halijaonekana. Mkimbiaji na akimbie upande wa kulia, akiyakabili magari yajayo, na masikio yake yawe wazi.

Mwasema, Je, salamu si kikwazo pia? Maana kwetu mtu hawezi kuwapita wazee mbio mbio kama mwizi. Mwalimu wetu ampitapo bibi mwenye mzigo wa majani, husema, "Shikamoo, bibi." Naye hujibu, "Marahaba, mwanangu. Wakimbilia wapi, nani mgonjwa?" "Hakuna mgonjwa, bibi, ni mazoezi." "Haya, basi pole na kazi." Nimewasikia vijana wakisema ya kuwa maneno haya huwaharibia mwendo. Mimi naona kinyume. Mtu awezaye kusalimu na kujibu maneno matatu bila kutweta anakimbia kwa kiasi kifaacho siku ya mwendo mrefu. Asiyeweza anakwenda mbio kupita kiasi. Wafundishao mazoezi huko Ulaya nao hupima vivyo hivyo, wakiwaambia watu wakimbie kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Sisi twapimwa na mabibi zetu bila malipo.

Nataka sasa tukae kidogo na mtu mmoja, kwa kuwa sijui habari iliyo wazi zaidi juu ya ahadi, akili na mbio. Terry Fox alizaliwa Kanada mwaka 1958. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alipatikana na saratani ya mfupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Hospitalini aliwaona wagonjwa wengine wa saratani, hata watoto, na mateso yao hayakumtoka moyoni. Akakusudia kukimbia kuivuka Kanada yote kwa mguu mmoja wa mwili na mmoja wa kuundwa, ili watu watoe fedha za kutafuta dawa ya ugonjwa ule. Alijizoeza zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 12 Aprili 1980 aliondoka St. John's, upande wa mashariki, akakimbia karibu marathoni moja kila siku. Alikwenda siku 143, kilometa 5,373. Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, alisimama, maana saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alikufa tarehe 28 Juni 1981. Alikuwa ametumaini dola moja kwa kila mtu wa Kanada, na kabla hajafa fedha zilikuwa zimepita milioni 24.

Fikirini ukubwa wa kazi ile kichwani mwake asubuhi moja ya Mei, mvua na upepo, na nchi nzima mbele yake. Kama angaliifikiri nchi nzima, asingalitoka garini. Alieleza mwenyewe namna alivyofanya: aliikata njia vipande. Alifikiri maili ile moja tu, kibao kile cha barabarani, kona ile; kisha kona iliyofuata. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari mbele na kumngoja njiani kwa maji. Kwa hiyo kichwa cha Terry hakikuwa na Kanada ndani yake. Kilikuwa na gari la rafiki, lililosimama mbele kidogo.

Lakini tazameni pia upande mwingine. Mwanzoni watu hawakumjua, na katika jimbo la Quebec wachache tu walimjali. Alipoingia Ontario alikuwa mtu mashuhuri. Huko Toronto, tarehe 11 Julai, watu wapatao 10,000 walimlaki. Waliosimamia michango walimpangia karamu na hotuba, na mara nyingine ilimlazimu kuiacha njia yake ili aende mji fulani kuonekana, kisha arudi kukimbia. Fedha ziliongezeka, naye alichoka. Ndivyo ilivyo: hisani yenyewe, ile aliyoikimbilia, ilikuja kumvuta kando ya njia. Wala simsifu kwa yote. Alikuwa na vidonda na maumivu mengi, na alikataa kwenda kupimwa na waganga kama ipasavyo. Watu wa mapenzi makuu mara nyingi hawausikii mwili. Kijana wenu mwenye miguu miwili mizima na asichukue kwake ile namna ya kuikata njia vipande, bali ile ya kuwakimbia waganga aiache.

Sasa twarudi kwa mwalimu na mjomba wake. Fikira ya deni lisilokwisha ina tabia ya kubisha hodi saa isiyofaa. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister, wa Marekani, walionyesha jambo lenye faida kubwa kwetu. Watu waliokumbushwa kazi walizoziacha nusu walisumbuliwa nazo walipokuwa wakisoma kitabu. Lakini wale walioambiwa kwanza wapange, lini watazifanya na kwa njia gani, hawakusumbuliwa hivyo. Angalieni sana: kazi ilikuwa bado haijafanywa! Kupanga tu kuliifunga mlango.

Kwa hiyo namshauri kila ajizoezaye awe na daftari dogo karibu na viatu vyake. Kabla ya kutoka na aandike, si sala ndefu, bali mistari mitatu: Mjomba, nitampigia Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Mganga mkuu, nitamwandikia kesho baada ya kipindi cha pili. Orodha, nitaihesabu Jumapili alasiri. Kisha na aliache daftari nyumbani. Njiani mjomba akija, naye atakuja, jibu liko tayari: Alhamisi. Wala asikasirike kwa kuwa amekuja mara ya kumi. Kumrudisha mara kumi ndiyo mazoezi yenyewe, kama vile mguu unyanyuliwavyo mara maelfu.

Tena asiwe peke yake katika mambo ya fedha. Naona jambo hili lawahusu wazee wa usharika kuliko mkimbiaji. Mtu mmoja mwaminifu na ashike hesabu, na wa pili aitazame, fedha ziingie mahali palipojulikana, si katika simu ya mkimbiaji. Watu wakiuliza, waulize kwa mtunza hazina. Hivyo twampunguzia kijana mzigo, tena twamlinda na masengenyo. Mchana kutwa mfukoni mwake simu ikilia kwa sauti ya fedha ziingiazo, ni nani awezaye kulala mapema? Simu anayokwenda nayo barabarani iwe kwa ajili ya kuita msaada tu, sauti imezimwa.

Zimebaki saa zile ambapo njia ni ndefu, fikira zimekwisha, na kuchoka ndiko kunakosema. Hapo akili yataka kazi ndogo sana, iliyo karibu. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekimbia marathoni ya London ya mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, alieleza ya kuwa huhesabu: akihesabu mia moja mara tatu, amekwisha kukimbia maili moja. Kama mtu wa namna ile aliona kuhesabu si kazi ya kitoto, sisi nasi tusione haya. Mwalimu na ahesabu hatua za mguu wa kushoto hadi mia, kisha aanze tena. Au achague nguzo za umeme. Nguzo hii, basi, sasa ile. Akipotea katika hesabu na aanze moja, bila kujiuliza amepotea wapi.

Liko jambo moja nililolisita kuliandika, lakini litawafaa walimu. Wengi humwambia kijana, "Uchokapo, wakumbuke wale watoto wagonjwa." Ni neno la upendo, na kwa kilometa za mwisho za siku yenyewe lina nguvu nyingi. Lakini likitumiwa kila siku huleta madhara. Mtu awabebaye watoto wa wodi nzima katika kila mazoezi hujiona muuaji apumzikapo. Hukimbia siku aliyopaswa kulala. Huficha maumivu ya mguu, maana aseme nini kwa wale watoto? Hata juma la kumi na mbili mfupa waweza kupata ufa, na asikimbie kabisa. Kwa hiyo mwambieni mapema, tena mbele ya waliotoa: vitanda vitanunuliwa kwa fedha zilizotolewa, hata kama yeye ataumia na kusimama njiani. Watu wengi, wakiulizwa, hukubali kwa moyo. Na yule anayekataa, anayedai fedha zake zirudi kwa sababu mguu wa mtu umevunjika, ni heri ajulikane mwezi wa kwanza.

Namna nyingine ya kuwakumbuka wagonjwa ni kuwatembelea siku isiyo ya mazoezi, kukaa kitandani kwa mmoja, kumwuliza jina lake na shule yake. Hapo mtu yuko mbele yake, wala si sura imkimbizayo barabarani.

Neno la mwisho ni juu ya majuma mawili au matatu kabla ya siku yenyewe. Wakati huo mwendo hupunguzwa ili mwili ujenge nguvu zake, na hapo, kwa ajabu, akili husumbuka kuliko wakati wote. Miguu imepewa likizo, fikira zimekosa kazi. Kikohozi kidogo huonekana homa. Goti ambalo halikuuma kamwe huanza kunong'ona. Mtu hutaka kukimbia kilometa 30 ili ajue kama bado anaweza. Asifanye hivyo, maana nguvu za mazoezi ya siku hizo hazitafika kwa wakati, bali uchovu utafika. Afadhali apewe kazi za mikono zilizo nyepesi: kuandika barua za shukrani, kukata kucha za miguu, kujaribu nguo na viatu vile vile atakavyovaa, ambavyo visiwe vipya. Jioni ya mwisho ale chakula alichokizoea, aandike mistari yake mitatu katika daftari, na simu yake aikabidhi kwa mtunza hazina mpaka kesho yake mchana.